Je, Wajua? Kamba Nyembamba Isiyokunywa Maji

Je, wajua kwamba kamba ya nailoni isiyotiwa dawa ya kuzuia maji, ikilowa kwa theluji iyeyukayo juu ya majabali ya Batian, kilele cha mita 5,199 katika Mlima Kenya, yaweza kunywa maji yakaribiayo nusu ya uzani wake, ikapungukiwa na nguvu za kuhimili kishindo cha mtu aangukaye, na baridi ya usiku ikiishika, ikakakamaa hata isipite katika kifaa cha kushukia? Ndiyo sababu shirikisho la kimataifa la wapanda milima, UIAA, huithibitisha kuwa ya kuzuia maji kamba ile tu ambayo katika jaribio lake hainywi zaidi ya asilimia 5 ya uzani wake. Na aula dawa ipenye kiini pamoja na ala, maana iliyopakwa nje tu huondoka upesi kwa kusuguana na mwamba.

Kamba za unene wa milimita 8 hivi ni nyepesi mno, na zikiungwa mbili humwezesha mpandaji kushuka urefu wote wa kamba moja. Lakini nyingi hazikuundwa kumhifadhi kiongozi, yaani atanguliaye kupanda, zikiwa moja moja. Basi, msomaji, kabla hujalipa, itazame ncha ya kamba: palipoandikwa ½, nunua mbili.