Mtungi mweupe wa Korea: kobalti, mukuba na mikono ya mafundi

Wasomaji wetu, mutu akisema kobalti, kila mmoja hapa anawaza bateri. Lakini zamani sana, mbele bateri hazijakuwa, kobalti ilikuwa rangi. Tukamate mfano wa Korea.

Wakati wa ufalme wa Joseon (1392-1910), mafundi wa vyungu wa kule walipakaa rangi na vitu vitatu vyenye kutoka mu udongo: kobalti, chuma na mukuba. Unga wa kobalti hauna uzuri mu mkono. Furu njo inaugeuza bulu. Chuma inatoa kahawia. Mukuba, moto ukikosa hewa, unatoka mwekundu. Wachimbaji mutatusikia mbio: jiwe ni jiwe, moto njo unalibadilisha.

Shida ni hii: kobalti ilipita ku Shina, na bei yake ilikuwa kali. Mu karne ya 17, nyuma ya vita na Wajapani na Wamanchu, ikakosekana. Mafundi wakapakaa na chuma, ao wakaacha chungu cheupe tupu. Weupe ule ulipendwa, juu mafundisho ya Confucius yalisifu maisha bila madoido.

Mu mafuru ya mfalme kule Gwangju, karibu na Seoul, kukatoka mitungi mikubwa, mingine inapita santimetre 40. Udongo hauwezi kusimama vile kwa mara moja, utaanguka. Basi fundi alifanya mabakuli mawili, akayaunga mudomo kwa mudomo. Ukiangalia katikati utaona mahali yalipoungana. Hakuna mutungi hata mmoja wenye kuwa mviringo sawasawa. Leo wanaiita mitungi ya mwezi.

Sasa tufike ku wasanii wa siku hizi. Kim Whanki (1913-1974) alikuwa mchoraji wa kwanza-kwanza wa Korea kuacha kuchora vitu sawa macho inaviona. Watu wangeweza kufikiri ametupa mambo ya wazee. Hapana! Alikusanya ile mitungi mu nyumba yake, akaichora miaka na miaka, hata alipoishi Paris. Kisha, ku New York, alijaza vitambaa vikubwa na nukta za bulu, maelfu, moja moja kwa mkono. Mu 2019, kazi yake moja iliuzwa Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 10.

Hakubaki peke yake. Koo Bohnchang, mpiga picha, anatembelea makumbusho ya dunia kupiga picha za vyungu vile vyeupe. Na mu 2018, ku michezo ya Olimpiki ya PyeongChang, moto uliwashwa ndani ya chombo chenye umbo la mutungi wa mwezi.

Kwa hiyo sanaa ya kisasa ya Korea haikuua ya zamani. Ilikula mu sahani yake. Ila kuko jambo moja lenye kutugusa shiye watu wa migodi. Mu 2023, mutungi mmoja uliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 4. Jina la Kim Whanki tunalijua. Lakini yule aliyefinyanga udongo, na yule aliyetia kuni mu furu usiku na mchana, hawakuandika majina chini ya mutungi. Bei inajulikana, wao hapana. Mikono yao tu njo imebaki, pale katikati, mahali mabakuli mawili yameungana.