Chembe Ndogo Katika Vita Dhidi ya Saratani

Ni vigumu kuipata jumuiya ndogondogo ambayo haijawahi kumwombea mgonjwa wa saratani. Wengi wetu tumeona pia jinsi tiba yenyewe inavyomchosha mgonjwa: nywele hunyonyoka, kichefuchefu humnyima chakula, nguvu humwishia. Sababu ni kwamba dawa nyingi za saratani, zikishaingia katika damu, huzunguka mwili mzima na kushambulia seli zinazogawanyika upesi, ziwe za ugonjwa au zenye afya.

Hapo ndipo wanasayansi walipojiuliza: dawa itaufikiaje uvimbe bila kuuumiza mwili wote? Jibu mojawapo limepatikana katika chembe zinazopimwa kwa nanomita. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita.

Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha Doxil kwa ajili ya saratani ya Kaposi inayowapata wenye UKIMWI, ugonjwa unaofahamika pia katika Afrika Mashariki. Ndani yake mna doksorubisini, dawa ya zamani, iliyofungwa katika vifuko vya mafuta vyenye upana wa nanomita 100 hivi. Mishipa ya damu inayolisha uvimbe mara nyingi hujengeka ovyo na kuwa na matundu. Vifuko hupenya humo vikaishusha dawa. Mishipa ya moyo haina matundu ya namna hiyo, hivyo moyo huepushwa na sehemu kubwa ya madhara ya doksorubisini. Hata hivyo, dawa hii huweza kuunguza ngozi ya viganja na nyayo.

Katika ugunduzi wa magonjwa, chembe hizi tumekwisha kuziona pasipo kuzitambua. Mstari mwekundu katika vipimo vingi vya haraka vya malaria hutokana na chembe ndogo mno za dhahabu zilizounganishwa na kingamwili. Watafiti wanatumia njia za namna hiyo kutafuta dalili za saratani katika damu, ingawa kazi kubwa bado imo maabarani.

Tusidhani, basi, kwamba muujiza umefika. Katika saratani ya matiti iliyosambaa, Doxil ilionekana kuwa na nguvu sawa na doksorubisini ya kawaida. Faida yake ilikuwa kuupunguzia moyo madhara. Tena sehemu ndogo tu ya chembe hizo huufikia uvimbe, na bei yake ni kubwa.

Kwa hiyo tujihadhari na wauzaji wanaolitumia neno “nano” kuuza vidonge na maji ya kuponya kila kitu. Mgonjwa asiache tiba ya hospitali kwa ahadi hizo. Nasi tulio wazima, tukiona uvimbe katika titi, kidonda kisichopona au damu isiyo ya kawaida, twende tukapimwe mapema. Saratani nyingi hutibika vizuri zaidi zikigunduliwa zingali changa.