Siku Jua Linapogeuka

Je, umewahi kuona kwamba jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima? Simama mlangoni pako asubuhi. Tazama jua linachomoza juu ya mti gani au kilima gani. Tazama tena baada ya mwezi mmoja. Utaona limesogea.

Kuanzia Januari jua husogea kuelekea kaskazini, kidogo kidogo. Ifikapo tarehe 21 Juni au karibu yake, huacha kusogea. Kwa siku chache huonekana kama limesimama. Halafu hugeuka na kuanza kurudi kusini.

Kwa nini jua hugeuka?

Dunia hulizunguka jua mara moja kwa mwaka. Lakini dunia haikusimama wima. Imeinama. Mwezi wa Juni upande wake wa kaskazini huelekea juani, na upande wa kusini huwa umeinamia mbali na jua. Kwa hiyo watu wa kusini hupata mchana mfupi na usiku mrefu. Huo ndio wakati wao wa baridi. Mwezi wa Desemba mambo hubadilika: baridi huwa kaskazini.

Tanzania iko kusini ya ikweta, lakini si mbali nayo. Ndiyo maana sisi hatuoni tofauti kubwa. Mjini Dar es Salaam, mchana wa Juni ni mfupi kuliko mchana wa Desemba kwa muda usiofika saa moja. Tunachokiona zaidi ni kipupwe.

Watu wa mbali wanaoingoja siku hiyo

Chile ni nchi ya Amerika ya Kusini. Iko mbali sana kusini ya ikweta. Huko wanaishi Wamapuche. Maana ya jina lao ni "watu wa ardhi". Katika nchi yao, mwezi wa Juni, mchana haufiki saa 10. Mvua hunyesha, baridi ni kali, na milimani kuna theluji. Jua linapogeuka, wao husema mwaka mpya umeanza. Huuita We Tripantu.

Usiku huo jamaa hukusanyika nyumbani na kuuzunguka moto. Hula pamoja. Wazee husimulia habari za ukoo, na vijana husikiliza. Kabla ya jua kuchomoza, watu huenda mtoni kuoga, ingawa maji ni ya baridi sana. Wanajisafisha ili wauanze mwaka wakiwa wapya. Kisha hulingoja jua lichomoze.

Tangu mwaka 2021, siku hiyo ni sikukuu ya taifa nchini Chile. Ni siku ya wenyeji wa asili wa nchi hiyo.

Na sisi je?

Jua linalogeuka kwao ndilo linalogeuka kwetu, siku ile ile. Kwetu, katika sehemu nyingi, ni wakati wa mavuno. Wanunuzi wa mahindi huja na magari. Nyumba nyingi huuza haraka, kisha mwezi wa Januari hununua mahindi hayo hayo kwa bei kubwa. Watoto hulala na njaa.

Basi na sisi tuitumie siku hiyo kujitazama. Baba, mama na watoto wakubwa wakae pamoja jioni moja. Chukua daftari lako. Andika mambo haya:

1. Tumevuna madebe mangapi?
2. Tunakula madebe mangapi kwa wiki?
3. Tutaweka mbegu kiasi gani?
4. Tunadaiwa nini?

Kama nyumba yako inakula debe moja kwa wiki, kwa mwaka mnahitaji madebe 52. Ongeza mbegu. Kinachobaki ndicho cha kuuza. Hesabu hii iandikwe kabla gari la mnunuzi halijafika. Likishafika, fedha huzungumza kwa sauti kubwa kuliko daftari.

Mwaka ujao, jua likigeuka tena, fungua ukurasa huo. Utaona mlipofanya vizuri na mlipokosea.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mchana wa Juni ni mfupi sana Chile kuliko kwetu?
2. Wamapuche hufanya nini kabla jua halijachomoza?
3. Nyumba yako inahitaji madebe mangapi kwa mwaka?