Rafadha ya Meli

Mtu aliye ndani ya mtumbwi hufanya nini ili mtumbwi uende mbele? Hutia kafi majini, akayavuta maji nyuma. Maji yanakwenda nyuma, mtumbwi unakwenda mbele. Asipoyasukuma maji, hata akitikisa kafi mchana kutwa, mtumbwi utabaki pale pale. Mwenye upondo ni mbali, maana yeye husukuma ardhi iliyo chini ya maji.

Meli kubwa nayo hufuata sheria ile ile ya kafi. Ukisimama gatini Kalemie au Kigoma, utaona meli inapoondoka maji yanachafuka na kutoka povu nyuma yake. Kinachoyachafua hakionekani, kimefichwa chini. Ndicho rafadha. Rafadha ni chombo cha madini chenye mabawa 3, 4 au zaidi, yaliyopindwa kidogo. Imefungwa kwenye ncha ya mhimili mrefu. Mashini inazungusha mhimili, mhimili unazungusha rafadha, na mabawa yanasukuma maji nyuma. Meli Liemba ya ziwa Tanganyika, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilitiwa rafadha 2.

Jambo hilo laonekana jepesi. Kumbe watu wenye akili wamehangaika nalo karibu miaka 200, na kazi haijaisha.

Meli za kwanza za mvuke hazikuwa na rafadha. Zilikuwa na magurudumu makubwa ya mbao na chuma, yenye makafi kandokando, moja kuume na moja kushoto, au moja tu nyuma. Katika mto Kongo meli za gurudumu la nyuma zilifanya kazi miaka mingi, kwa kuwa gurudumu halitaki maji marefu. Mtoni gurudumu lafaa. Baharini ni taabu. Mawimbi yakiinamisha meli upande mmoja, gurudumu la upande ule linazama mno, na la pili linazunguka hewani bure. Makaa ya mawe yanaungua, meli haisogei.

Basi watu wakafikiri juu ya parafujo. Parafujo si kitu kipya. Ile ya kupandishia maji inaitwa kwa jina la Archimedes, mtu wa Siracusa, aliyekufa mwaka 212 kabla ya Kristo. Ni mrija wenye parafujo ndani. Ukiizungusha, maji yanapanda. Ikiwa parafujo yaweza kusukuma maji juu, kwa nini isiyasukume nyuma ya meli?

Wengi waliwaza hivyo, kila mtu katika nchi yake. Josef Ressel, bwana misitu wa Austria, alijaribu meli ya parafujo katika bandari ya Trieste mwaka 1829. Meli ilienda kidogo, kisha bomba la mvuke likapasuka, na polisi wakamkataza asiendelee. Mfaransa Frédéric Sauvage alipata hati ya serikali kwa ajili ya parafujo yake mwaka 1832. Msweden John Ericsson alipata ya kwake huko London mwaka 1836. Majuma machache kabla yake, tarehe 31 Mei mwaka ule ule, hati kama hiyo ilikuwa imepewa mtu ambaye hakuwa fundi hata kidogo. Alikuwa mkulima, jina lake Francis Pettit Smith.

Smith alipenda tangu utoto kuchonga mashua ndogo. Shambani kwake alikuwa na bwawa, na humo alijaribu mashua ya kuchezea yenye parafujo. Kisha akajenga mashua ya kweli, ya tani 6, akatia mashini ndogo ya mvuke. Parafujo yake ilikuwa ya mti, nayo ilijizungusha mara 2 kamili, kama nyoka aliyejisokota kwenye fimbo. Smith aliwaza hivi: parafujo ya seremala ikiwa ndefu yashika ubao vizuri zaidi, kwa hiyo na ya majini ikiwa ndefu itashika maji vizuri zaidi.

Mwezi wa pili mwaka 1837 mashua ile ilikuwa ikitembea katika mfereji wa Paddington, London. Ghafula parafujo ikagonga kitu ndani ya maji. Nusu yake ikavunjika, ikaenda zake. Waliokuwamo walidhani safari imekwisha. Lakini mashua haikusimama. Ilikwenda mbio kuliko kwanza!

Mtu mwingine angalifurahi tu, au angaliona aibu kwa kuwa fikira yake ilikuwa ya uwongo. Smith alikubali alichokiona. Alitengeneza parafujo mpya ya madini, yenye mzunguko 1 tu, na mwezi wa tisa mwaka ule akatoka na mashua yake ndogo mpaka baharini.

Kwa nini nusu ilishinda nzima? Kwa sababu maji si ubao. Ubao umetulia, maji yakisukumwa hukimbia. Mzunguko wa kwanza wa parafujo ulikuwa umekwisha kuyasukuma maji. Mzunguko wa pili uliyakuta yanakimbia tayari, haukuwa na mengi ya kuongeza. Ila ulikuwa unasuguana nayo. Kila sehemu ya parafujo inayosugua maji hula nguvu za mashini, na ile ya nyuma ilikula bila kufanya kazi. Kwa hiyo mafundi waliendelea kuifupisha, mpaka vikabaki vipande vifupi vipana. Vipande hivyo ndivyo mabawa ya rafadha ya leo.

Mwaka 1838 ilijengwa meli kubwa zaidi ya parafujo, ikaitwa Archimedes. Mhandisi Isambard Kingdom Brunel aliiazima mwaka 1840 ili aichunguze. Wakati ule alikuwa akijenga meli ya chuma, Great Britain, na magurudumu yake yalikuwa yamekwisha kupangwa. Aliyaacha, akatia rafadha ya mabawa 6. Mwaka 1845 meli ile ilivuka bahari mpaka Marekani.

Mwezi wa nne mwaka ule wakuu wa manowari za Uingereza walifunga meli 2 mkia kwa mkia kwa kamba nene: Rattler yenye rafadha na Alecto yenye magurudumu. Kila moja ikavuta kwa nguvu zake zote. Rattler iliiburuta Alecto kinyumenyume, huku magurudumu yake yakipiga maji bure. Watu walishangilia sana. Lakini kusema kweli, mchezo haukuwa wa haki, maana mashini ya Rattler ilitoa nguvu nyingi kuliko ya mwenzake. Majaribio mengine ya meli hizo, yaliyofanywa kwa kupima mwendo, yalikuwa na maana zaidi kuliko mvutano ule.

Sasa tazameni umbo la bawa. Karibu na mhimili bawa limesimama wima zaidi. Kwenye ncha limelala. Kwa nini? Katika mzunguko 1 meli yote husogea mbele kiasi kimoja, tuseme metri 3. Ncha ya bawa, kwa kuwa iko mbali na mhimili, huzunguka njia ndefu. Shina lake huzunguka njia fupi. Wa njia ndefu hupanda metri 3 polepole, kama barabara inayozunguka mlima. Wa njia fupi hana budi kupanda kwa ukali, kama ngazi. Fundi akilifanya bawa liwe na mlalo mmoja tangu shina hata ncha, sehemu moja itasukuma na nyingine itaburutwa.

Mwaka 1865 mtaalamu wa Scotland, William Rankine, alipiga hesabu ya neno kubwa zaidi. Maji yaliyoachwa nyuma ya meli yanakimbia, na mbio zile ni nguvu iliyopotea. Mbio zikiwa mara 2, upotevu si mara 2, bali ni mara 4 kwa kila kilo ya maji. Basi linganisheni rafadha 2. Ya kwanza ni ndogo: yasukuma tani 1 ya maji kwa mbio kubwa. Ya pili ni pana: yasukuma tani 2 kwa nusu ya mbio zile. Meli inasukumwa sawasawa. Lakini katika rafadha ya pili nguvu inayopotea katika maji ni nusu tu. Ndiyo sababu rafadha kubwa inayozunguka polepole huokoa mafuta kuliko ndogo inayozunguka upesi. Meli Emma Mærsk, iliyoanza kazi mwaka 2006, ilitiwa rafadha 1 yenye upana wa metri 9.6 na uzito wa tani 130 hivi. Ilizunguka kama mara 100 tu kwa dakika.

Mtu atauliza: mbona basi kila meli haiwekewi rafadha kubwa? Kwa sababu ya kina cha maji. Mto Kongo wenyewe ulifundisha hayo. Mwaka 1884 wamisionari Waprotestanti waliteremsha majini, katika Pool Malebo, meli yao Peace. Ilijengwa Uingereza, ikafunguliwa vipande vipande, ikabebwa na wapagazi kupita maporomoko yaliyo kati ya Matadi na Pool. Mafundi waliotumwa kuiunga walikufa, ikabidi mmisionari George Grenfell na wafanyakazi wake Waafrika waiunge wenyewe. Meli ile ilizama majini kiasi cha santimetri 30 tu isipokuwa na mzigo. Rafadha gani itaenea hapo? Mjenzi wake, John Thornycroft, alichimba vijia chini ya sehemu ya nyuma ya meli, kama mapango 2, akaweka rafadha humo. Zikianza kuzunguka, maji hupanda na kuvijaza vijia vile, na rafadha zafanya kazi kama ziko kwenye maji marefu.

Baadaye, katika miaka ya 1930, Mjerumani Ludwig Kort aliizungushia rafadha pete ya chuma. Pete huongoza maji yaingie vizuri, nayo yenyewe husaidia kusukuma. Kwa meli inayovuta au kusukuma matishali mazito polepole, pete hiyo ni msaada mkubwa. Kwa meli ya mbio ni mzigo.

Liko adui jingine la rafadha, nalo liligunduliwa na waliotaka mbio. Charles Parsons, Mwingereza, alibuni mashini mpya ya mvuke iitwayo tabini. Mwaka 1894 aliitia katika meli nyembamba, Turbinia. Mashini ilizunguka ajabu, lakini meli haikufikia kilometri 37 kwa saa. Alibadilisha rafadha tena na tena, wapi. Nguvu zilikuwa zinakwenda wapi?

Mtu anayepika Bukavu, juu milimani, huona maji yake yanachemka kwenye digrii 95 hivi, si 100 kama pwani, kwa sababu huko juu hewa inayagandamiza kidogo. Yakigandamizwa kidogo zaidi, yatachemka hata yakiwa baridi. Hayo ndiyo yaliyotokea kwa Parsons. Bawa linapokwenda mbio, uso wake mmoja husukuma maji, na uso wa pili huyavuta. Likivuta mno, maji ya upande ule huchemka baridi, yakawa mapovu ya mvuke. Rafadha inazunguka ndani ya mapovu, haishiki kitu. Tena mapovu yakipasuka karibu na bawa, hupiga kama nyundo ndogo elfu, na madini yanaliwa vishimo vishimo kama ubao ulioingiwa na wadudu.

Parsons hakuridhika kukisia. Mwaka 1895 alitengeneza chombo cha shaba chenye dirisha, akazungusha ndani yake rafadha ndogo ya santimetri 5, na kuimulika kwa taa ya kuwaka na kuzimika upesi, ili rafadha ionekane kama imesimama. Aliyaona mapovu kwa macho yake. Akaigawa kazi: badala ya mhimili 1 akaweka 3, na kila mmoja ukapewa rafadha 3, zote 9, ili bawa moja lisivute maji kupita kiasi. Mwezi wa sita mwaka 1897 malkia Victoria alipotimiza miaka 60 ya utawala, manowari zilipangwa Spithead zikaguliwe. Turbinia ilipita katikati yake kwa mbio za kilometri 60 na zaidi kwa saa, na mashua za ulinzi hazikuweza kuifikia.

Siku hizi wahandisi huchora bawa kwa kompyuta, kisha hujaribu mfano mdogo katika birika refu. Hata hivyo, katika sehemu 100 za nguvu ziingiazo katika rafadha nzuri, sehemu 60 au 70 tu ndizo husukuma meli. Kwa hiyo kila sehemu 1 inatafutwa. Huko Japani, mwaka 1987, vilitengenezwa vibawa vidogo vya kufungwa kwenye kofia ya rafadha, kuzuia maji yasijisokote nyuma yake. Vinaokoa sehemu chache tu katika 100. Lakini meli kubwa ya mizigo yaweza kuunguza tani 100 za mafuta kwa siku moja. Sehemu 3 ni tani 3 kila siku.

Tena mafuta yalipopanda bei sana, mwaka 2008, wenye meli wengi walipunguza mwendo. Meli ikipunguza mwendo kwa robo, nguvu inayotakiwa hupungua kupita nusu. Safari huwa ndefu zaidi, lakini mafuta ya safari nzima hubaki kidogo kuliko sehemu 6 katika 10. Hapo ikaonekana kwamba rafadha zao za zamani, zilizochongwa kwa mwendo wa mbio, hazifai tena. Meli nyingi zilifunguliwa rafadha zikapewa nyingine.

Rafadha nyingi kubwa huyeyushwa kwa shaba iliyochanganywa na aluminiamu na nikeli, kwa kuwa mchanganyiko huo hauliwi upesi na maji ya chumvi. Lakini hata huo huota utelezi na viumbe wadogo wa baharini, na bawa lenye kukwaruza husugua maji, kama nusu ile ya parafujo ya Smith. Kwa hiyo meli ikitia nanga, mara nyingi mpiga mbizi hushuka chini na mashini yake ya kung'arisha, akasugua bawa moja baada ya jingine mpaka ling'ae.