Picha bila sauti, sauti bila picha: kwa nini programu ya kuediti inaikataa video yako

Leo naomba tuweke pembeni siasa na mpira, tuongelee kitu kinachowatesa vijana wengi tunaohangaika na kamera mtaani. Umerekodi shughuli vizuri, ukifungua video kwenye VLC inacheza safi kabisa, ila ukiiingiza kwenye programu ya kuediti... inagoma! Kwa nini?

Mwaka 2021 nilipata kazi ya send-off huku kwetu Mbagala. Nilikuwa na kamera ya mtumba kwenye stendi, na kaka wa bibi harusi akarekodi kwa simu yake karibu na meza kuu. Bibi yao alitoka Songea kwa basi, akashika maiki na kumpa mjukuu wake nasaha, ukumbi mzima ukatulia. Kesho yake nikaenda studio moja ninakokodi kompyuta. Video ya kamera ikaingia ina picha, haina sauti. Video ya simu ikaingia ina sauti, picha nyeusi tii. Mwenye studio akaangalia akaniambia, "Dogo, hizi kadi zimekufa. Fomati tu, waambie umeme ulikatika." Nikamwambia, "Bosi, ngoja kwanza." Maana send-off hairudiwi, na hela ya kutangulizia nilishaila.

Kumbe kadi zilikuwa nzima.

Cha kwanza kuelewa ni kwamba MP4, MOV au MTS siyo aina ya video. Hayo ni makontena tu. Ukisimama pale Bandari ya Dar es Salaam ukaona kontena limepita, huwezi kujua kwa rangi yake kama ndani kuna mchele au vipuri vya gari. Na faili ni hivyo hivyo: mzigo uliomo ndani ndio unaoitwa kodeki, yaani namna picha na sauti zilivyobanwa. MP4 mbili zinaweza kufanana jina, moja ina H.264 na nyingine ina H.265. Kwa hiyo wale wanaobadilisha jina la faili kutoka .MTS kwenda .mp4 halafu wanashangaa bado linagoma, wamepaka kontena rangi tu, mzigo ni ule ule.

Kamera yangu ilikuwa inarekodi AVCHD, mfumo ambao Sony na Panasonic waliutangaza mwaka 2006. Ndani yake picha ni H.264 na sauti mara nyingi ni AC-3 ya Dolby. Simu ilirekodi H.265, ambayo pia inaitwa HEVC. Hiyo ilipitishwa mwaka 2013, miaka kumi baada ya H.264, na inaweza kubana video hadi karibu nusu ya ukubwa kwa ubora ule ule. Sasa kompyuta ya studio ilikuwa na programu ya zamani iliyokrakiwa. Haikuwa na kisomeo cha AC-3, ndiyo maana sauti ya kamera ikapotea. Haikuijua H.265, ndiyo maana picha ya simu ikawa nyeusi. Basi, hakuna uchawi hapo.

Mtu atauliza, mbona VLC inacheza vyote? VLC inabeba visomeo vyake yenyewe. Watengenezaji wa programu za kibiashara wanafanya hesabu za leseni, na baadhi ya kodeki zina wenyewe wanaodai malipo. Hata Microsoft kisomeo cha HEVC cha Windows 10 na 11 wanakiuza pembeni kwa karibu dola moja. Na DaVinci Resolve ya bure kwenye Windows inasoma H.264, lakini ya bure kwenye Linux haiisomi. Kwa hiyo usishangae video kukubali kwa mshkaji wako na kugoma kwako wakati programu ni "ile ile".

Kuna sababu ya pili, na hii inawahusu hata wenye programu mpya. Kumbukeni rejista ya darasa. Tuseme monita Jumatatu anaandika majina yote, halafu kuanzia Jumanne anaandika tu nani hayupo na nani amerudi. Daftari linakuwa dogo, sawa, lakini ukitaka kujua Alhamisi darasani kulikuwa na nani, lazima urudi Jumatatu uanze kuhesabu. H.264 na H.265 kwa kawaida zinafanya hivyo hivyo: fremu moja inaandikwa yote, zinazofuata zinaandikwa mabadiliko tu. Kwa anayeangalia hakuna shida, anakwenda mbele tu. Anayeediti anaruka huku, anarudi nyuma, anakata katikati, na kila mara kompyuta inarudi "Jumatatu" kuhesabu upya. Ndiyo maana mashine inakwama mpaka unataka kuipiga ngumi.

Enzi za MiniDV haikuwa hivyo. Kule kila fremu ilijitegemea, video ilitumia megabiti 25 kwa sekunde, saa moja ilikula karibu GB 13, na hata kompyuta dhaifu iliediti bila kulalamika. Tulipata kamera zenye picha kali zaidi na faili dogo, ila kazi yote ikahamia kwenye kompyuta.

Tatizo la tatu ni la simu. Kamera za kawaida huku zinarekodi fremu 25 kwa sekunde bila kubadilika. Simu nyingi hazitulii: mwanga ukipungua au simu ikipata joto, fremu zinapungua, halafu zinaongezeka tena. Sauti yenyewe inakwenda mwendo mmoja. Programu isiyolijua hilo inapanga fremu kwa mwendo sawa, na baada ya dakika kadhaa mdomo wa msemaji unakwenda huku na maneno kule. Na nasaha za bibi zilikuwa za dakika kumi na mbili!

Sasa tufanyeje? Mimi nilifanya hivi, na mpaka leo ndio utaratibu wangu:

1. Kopi kadi NZIMA, usichague mafaili. Kwenye AVCHD watu wanaingia PRIVATE, AVCHD, BDMV, STREAM, wanabeba zile 00000.MTS na kuacha mengine. Video ndefu kamera inaikata vipande kwa sababu kadi za FAT32 hazikubali faili la zaidi ya GB 4. Mafolda mengine ndiyo yenye maelezo ya namna vipande vinavyoungana. Ukiyaacha, unaweza kupata mkwaruzo wa sauti pale kwenye kiungo. Na usifomati kadi mpaka uwe na kopi mbili.

2. Fungua faili kwa MediaInfo. Ni programu ndogo ya bure, inakusomea kilichomo ndani ya kontena: kodeki ya picha, kodeki ya sauti, idadi ya fremu na kama inabadilika. Dakika moja tu, na utaacha kubahatisha.

3. Kama tatizo ni sauti peke yake, usiguse picha. Kwa FFmpeg, ambayo nayo ni ya bure:

ffmpeg -i 00000.MTS -c:v copy -c:a pcm_s16le 00000.mov

Hapo picha inahamishwa kama ilivyo, sauti inageuzwa kuwa PCM. Ubora wa picha haupungui hata chembe, na inakwenda haraka.

4. Kama tatizo ni picha, igeuze iwe kodeki ya kuediti: ProRes ya Apple au DNxHR ya Avid. Hizi zinaandika kila fremu yote, yaani rejista kamili kila siku. Kwa ile ya simu, iliyorekodi fremu 30, niliandika:

ffmpeg -i simu.MOV -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_sq -pix_fmt yuv422p -r 30 -c:a pcm_s16le simu_edit.mov

Ile -r 30 ndiyo inayozinyoosha fremu ziwe sawa. Asiyependa kuandika amri atumie Shutter Encoder, ina vitufe.

Ila jiandae na nafasi. ProRes 422 ya 1080 kwa fremu 25 inakula karibu GB 55 kwa saa, wakati AVCHD ya megabiti 24 ni kama GB 11. Kama hadidiski ni ndogo, tengeneza proksi, yaani kopi nyepesi za kuedit tu. Ukimaliza, programu inarudi kwenye faili halisi wakati wa kutoa kazi. Na jamani, kugeuza kodeki hakuongezi ubora. Video iliyopitia WhatsApp imeshaminywa, huwezi kuirudisha. Mwambie mtu akutumie kama dokumenti au mkutane na flashi.

5. Zuia kabla ya shughuli. Kwenye iPhone nenda mipangilio ya kamera, fomati, chagua "Most Compatible", itarekodi H.264. Kamera iweke fremu 25 na shata 1/50, maana umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi za ukumbini zinapepesa ukikosea.

Siku ya tatu mama wa bibi harusi alinipitia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mkanda wetu umefikia wapi?" Nikampa kiti, nikamfungulia zile dakika kumi na mbili. Sauti na mdomo vilikwenda pamoja mpaka mwisho. Hakusema kitu, akaomba nirudishe mwanzo. Bibi alifariki mwaka uliofuata, na hiyo ndiyo video pekee familia waliyonayo yenye sauti yake.

Kwa hiyo mdau, ukiambiwa kadi imekufa, ifungue kwanza MediaInfo. Wenye njia nyingine nzuri zaidi tupeni hapo chini tujifunze wote. Nawakilisha.