Nyimbo Zinazokaa Viganjani

Ipponbashi ni wimbo usiohitaji kifaa chochote zaidi ya kiganja cha mtoto. Mzazi wa Kijapani anakikunjua, anapitisha kidole kimoja juu yake polepole, ndilo daraja la gogo moja linaloimbwa. Kisha anakitekenya, anakipiga kofi jepesi, anakifinya kidogo. Halafu vidole viwili vinaanza safari ya kupanda ngazi: kifundo, kiwiko, bega. Mtoto anajua kwapa litatekenywa, ndiyo maana anacheka kabla hajaguswa. Mzazi aliyeuzoea mchezo husita hapohapo begani, akachelewesha. Utamu wote umo katika kucheleweshwa huko.

Wajapani wana nyimbo nyingi za namna hii, na huziita teasobi-uta, yaani nyimbo za michezo ya mikono. Kwa mtoto mchanga ambaye bado anapakatwa upo wa Chochi Chochi Awawa. Mama humshika mikono na kumpigisha makofi, humgusisha kiganja mdomoni ili sauti ikatikekatike, huizungusha mikono yake miwili, humgusa katikati ya kiganja, humpigapiga kichwani na kwenye kiwiko. Mtoto haelezwi chochote. Anachezeshwa leo, anachezeshwa kesho, mpaka siku moja mikono inakwenda yenyewe. Hajaweza kutamka neno hata moja, lakini zamu yake katika wimbo anaijua. Nadhani hayo ndiyo mazungumzo ya kwanza ya binadamu, na ninawaheshimu sana watu walioyatengenezea nyimbo.

Nyingine zimebeba historia. Tangu karne ya 17, chai bora ya Uji, karibu na Kyoto, ilipelekwa kila mwaka kwa shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani, mjini Edo, Tokyo ya leo, kwa msafara uliotukuzwa kiasi kwamba wananchi walilazimika kuupisha njia. Wengi huuhusisha msafara huo na Zuizui Zukkorobashi, mchezo ambao wachezaji hukunja ngumi na kuacha tundu juu, naye mmoja huchomeka kidole tundu baada ya tundu mpaka wimbo uishe. Upo pia Chatsubo, wimbo wa mtungi wa chai. Ngumi ndiyo mtungi. Kiganja cha mkono wa pili huwa kifuniko juu yake, kisha kitako chini yake, halafu mikono inabadilishana kazi. Ukienda sawa na mapigo, pigo la mwisho linakukuta umefunika mtungi. Ukikosea, kiganja kimebaki chini na watoto wanakucheka.

Lakini mfano unaonivutia kuliko yote ni Musunde Hiraite, wa kufumba na kufumbua viganja na kupiga makofi. Karibu kila Mjapani ameucheza utotoni. Mahadhi yake yametoka katika opera ya Jean-Jacques Rousseau, Le Devin du village, iliyochezwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1752. Ni Rousseau huyuhuyu aliyeandika Émile, kitabu mashuhuri cha malezi, na ambaye watoto wake mwenyewe aliwapeleka katika nyumba ya watoto waliotupwa. Serikali ya Japani ya enzi ya Meiji, mwishoni mwa karne ya 19, ilipotaka shule zifundishe muziki wa Kimagharibi, Mjapani Isawa Shuji na Mmarekani Luther Whiting Mason waliyaingiza mahadhi hayo katika kitabu cha kwanza cha nyimbo za shule, cha mwaka 1881, yakiwa na maneno ya kusifu majira ya machipuko. Baadaye yalivikwa maneno ya vita. Mwaka 1947, vita vikiwa vimekwisha, yaliingia katika kitabu cha darasa la kwanza kama wimbo wa mikono. Maneno ya machipuko yamesahaulika, ya vita yamesahaulika. Yamebaki yale ambayo mtoto anayatenda kwa viganja vyake.

Mtafiti wa muziki Koizumi Fumio aliona jambo linalokaribiana na hilo. Miaka ya 1960 yeye na wanafunzi wake waliingia katika shule za msingi za Tokyo kukusanya nyimbo za michezo ya watoto, na matokeo yakachapishwa mwaka 1969. Darasani watoto hao walikuwa wakifundishwa skeli za Ulaya. Uwanjani, wakiwa peke yao, waliimba kwa skeli za kale za Kijapani. Hakuna mwalimu aliyewaagiza.

Siku hizi wazazi wengi vijana hujifunza nyimbo hizi kwa walimu wa chekechea, kwenye vipindi vya hadithi maktabani, au katika Okaasan to Issho, kipindi cha watoto cha NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, kilichoanza mwaka 1959. Sioni ubaya wowote wimbo kutoka runingani, maadamu mwisho wake ni mkono wa mzazi. Runinga haiwezi kusita begani kwa kuwa haimwoni mtoto.

Kwa mzazi asiyejua neno la Kijapani, ningeanza na ule wa ngumi, mkasi na kiganja, Guu Choki Paa, kwa kuwa mahadhi yake ni yaleyale ya Frère Jacques yanayojulikana karibu dunia nzima. Kila mkono hufanya umbo moja kati ya hayo matatu, kisha maumbo mawili huunganishwa kuwa kitu. Mkasi na mkasi ni kaa. Viganja viwili ni kipepeo. Ngumi iliyokalia mkasi ni konokono. Orodha hiyo haina mwisho, kwani mtoto wa miaka minne hachoki kuiongeza: ataweka ngumi juu ya kiganja, atakukazia macho, na itakubidi umwambie ni mnyama gani huyo.