Tuyafahamu Maradhi ya Akili (4): Kicheko cha Kashasha

Wiki iliyopita tuliuliza tabia isiyo ya kawaida hupimwa kwa kigezo gani. Leo nakuja na kisa cha Bukoba ambacho dunia hukisimulia kama kichekesho, na kwa kukisimulia hivyo hukiharibu.

Januari 30, 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni, Kashasha, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Hadi shule inafungwa Machi 18, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Wakarudishwa makwao, na kijijini Nshamba, walikotoka baadhi yao, wakapatwa watu 217.

Madaktari Rankin na Philip, walioandika taarifa yake mwaka 1963, hawakukuta furaha yoyote. Walikuta kicheko kinachogeuka kilio, mahangaiko, hofu ya kukimbizwa na kisichoonekana, na vurugu kwa aliyejaribu kuwashika. Kwa wengine hali ilipita baada ya saa chache. Kwa wengine ilidumu hadi siku 16. Vipimo vya maabara havikuonyesha chochote. Hakufa mtu.

Walimu je? Hakupatwa hata mmoja! Kwangu mimi ufunguo uko hapo. Waliishi eneo lilelile, ila hawakuwa watoto waliobanwa na sheria za bweni na matarajio ya wakubwa, katika nchi ambayo uhuru wake haukuwa umetimiza miezi miwili. Mtafiti Christian Hempelmann naye, mwaka 2007, alitaja msongo wa aina hiyo. Dhiki iliyokosa mdomo hutokea mwilini mwa mmoja, na wenzake wenye dhiki ileile wakiona na kusikia, nao hupatwa. Si maigizo, mwenye kucheka hivyo anateseka kweli.

Walimu wa sekondari za wasichana wanaijua hali hii kwa jina la mapepo: mmoja anapiga yowe bwenini, punde wengine wanaanguka. Aghalabu huitwa mchungaji au shehe, shule nzima ikakusanywa kutazama, na watazamaji hao ndio wanaofuata kuanguka. Afadhali wanaougua watengwe mahali patulivu, kila mmoja apimwe, maana malaria na kifafa navyo vipo, kisha wasichana waulizwe faraghani kinachowabana. Majibu yao huenda yakamgusa mkuu wa shule mwenyewe, na nadhani ndiyo maana kumlaumu pepo huonekana rahisi zaidi.

Wiki ijayo: sonona kwa mama aliyejifungua.